Simu, pedi za kompyuta au kifaa kinachojitegemea: sikwensa ya gridi ipi inamfaa mpiga ngoma wa Bagamoyo?

Mpiga ngoma wa Bagamoyo anayetaka kuingia katika muziki wa kielektroniki anakutana siku hizi na njia nne za kupanga sauti kwa vidole juu ya gridi, yaani sikwensa za gridi: programu ya simu au tableti, pedi za mwanga zinazounganishwa na kompyuta, kifaa kidogo kinachotoa sauti zake chenyewe, na kifaa kikubwa kinachofanya kazi ya studio nzima. Kwa macho zote zinafanana, kwa kuwa zote zina vyumba vya mraba vinavyowaka na kuzimika, na wauzaji huzinadi kwa wingi wa sauti zilizomo ndani. Kwa maoni yangu wingi wa sauti ndilo jambo la mwisho la kutazama. La kwanza, kwa mtu aliyelelewa na midundo ya pwani, ni kama kifaa kinaruhusu kila tabaka la muziki liwe na urefu wake na mwendo wake, pasipo kuyaburuta matabaka mengine.

Msingi wa vifaa hivi ni mmoja. Muda hutembea kutoka kushoto kwenda kulia, kila safu wima ni hatua moja ya muda, na kila safu mlalo ni noti au ngoma fulani. Ukigusa chumba kinawaka, na muda ukifika hapo sauti inatoka, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka utakapokigusa tena kikazimika. Desturi ya hatua 16 ilienezwa na mashine za midundo kama Roland TR-808 ya mwaka 1980, iliyokuwa na vitufe 16 katika mstari mmoja, yaani mapigo manne ambayo kila moja limegawanywa mara nne. Mwaka 2007 Yamaha ilizindua Tenori-on, kifaa kilichobuniwa na msanii wa Kijapani Toshio Iwai, chenye vitufe 256 vya mwanga vilivyopangwa 16 kwa 16, na matabaka 16 yanayosikika kwa pamoja ingawa mkono unagusa moja tu kwa wakati mmoja. Wazo hilo la kuandika tabaka moja, kuliacha lizunguke, kisha kwenda kwenye lingine, limerithiwa na vifaa karibu vyote nitakavyovilinganisha hapa. Tenori-on yenyewe haitengenezwi tena, na sioni sababu ya mtu anayeanza kuitafuta iliyokwisha kutumika kwa bei kubwa, wakati kazi yake inafanywa leo na vifaa vya bei nafuu zaidi ambavyo betri na nyaya zake zinapatikana.

Mapigo 12 na hatua 16

Hapa ndipo uamuzi ulipo, kwa hiyo naomba msomaji anivumilie kidogo. Mwendo wa chakacha ni wa sita kwa nane: mapigo makubwa mawili, kila moja likibeba madogo matatu. Ukiweka mizunguko miwili kando kwa kando unapata mapigo madogo 12. Kwa mfano wa kujifunzia, weka ngoma nzito katika la 1, la 4, la 7 na la 10, kisha weka kayamba katika la 1, la 3, la 5, la 7, la 9 na la 11. Sikio litasikia manne na sita kwa wakati mmoja, na mvutano wa makundi hayo mawili ndio unaomwinua mchezaji kwenye kiti. Mpiga ngoma hana haja ya kuhesabu, kwa sababu mikono imekwisha kuzoea. Gridi ya hatua 16 haina mazoea hayo, na 16 haigawanyiki kwa tatu.

Ikiwa wimbo wako wote ni wa mwendo huo, suluhisho ni jepesi: fupisha kila tabaka liwe na hatua 12, na vyumba vinne vya mwisho viachwe bila kazi. Vifaa vingi vinakubali hilo. Tatizo linaanza pale unapotaka chakacha itembee juu ya kiki ya disko (ngoma ya besi ya mashine) yenye mapigo manne, na huo ndio mchanganyiko ambao vijana wengi wanautaka. Zipo namna mbili za kulifanya, nazo hutoa matokeo tofauti kabisa.

Namna ya kwanza ni kufupisha tabaka moja liwe na hatua 12 huku mengine yakibaki na 16, mwendo ukiwa uleule. Tabaka fupi litamaliza mapema na kuanza tena kabla ya wenzake, hivyo kila mzunguko litaangukia mahali papya. Yatakutana tena mwanzoni baada ya hatua 48, yaani mizunguko minne ya lile la 12 na mitatu ya lile la 16. Katika mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, hatua moja ya robo pigo ni sehemu ya nane ya sekunde, kwa hiyo makutano hayo huja kila baada ya sekunde 6. Ni mbinu nzuri mno kwa sauti za juu, kama vile filimbi, kengele au kinanda kinachoteleza juu ya biti isiyobadilika, kwa sababu matabaka matatu tu yanaweza kukaa muda mrefu bila kumchosha msikilizaji. Lakini ukiitumia kwa ngoma zenyewe, mchezaji atapoteza mguu.

Namna ya pili ni kubadilisha mwendo wa tabaka lenyewe, ili hatua zake 12 zichukue muda uleule wa hatua 16 za wenzake. Hapo kila pigo kubwa lina hatua tatu katika tabaka la ngoma na hatua nne katika tabaka la kiki, na katika mwendo wa mapigo 120 yote mawili yanamaliza mzunguko kwa sekunde 2 kamili. Hii ndiyo inayohitajika kwa chakacha juu ya disko. Kifaa kisichoweza kufanya hivyo kwa kila tabaka peke yake kitakulazimisha ama kuitupa chakacha, ama kuipinda mpaka iwe kitu kingine, na nimesikia biti nyingi za pwani zilizopindwa hivyo bila mwenyewe kujua kilichopotea.

Simu na tableti

Kwa mtu ambaye hajawahi kugusa gridi, simu ndiyo shule ya kuanzia, kwa kuwa tayari anayo na programu nyingine zinapatikana kwa bei ndogo. Koala Sampler, inayofanya kazi kwenye Android na kwenye vifaa vya Apple, inarekodi sauti moja kwa moja kwa maikrofoni ya simu na kuiweka kwenye pedi, na pedi zake 16 zinaonekana kwa pamoja kwenye kioo. Unaweza kukaa nyuma ya nyumba na ngoma yako, ukapiga kipigo kimoja cha wazi na kimoja cha kufunika, na kabla chai haijapoa una sauti zako mwenyewe. FL Studio Mobile ni ndugu wa programu ya kompyuta iliyoenea katika studio za Dar es Salaam, nayo inafaa zaidi kwa kuandika wimbo mzima kwa kuchora noti kwa kidole, huku idadi ya matabaka ikitegemea nguvu za simu yenyewe.

Kasoro za simu ni tatu, na moja kati yake haitajwi vya kutosha. Ya kwanza ni kwamba kioo hakina kingo, kwa hiyo kidole hakijui kimefika chumba kipi bila jicho kutazama. Mpiga ngoma aliyezoea kumtazama mchezaji analazimika kuinama. Ya pili ni kwamba simu nyingi za Android huchelewa kidogo kati ya kugusa na kusikika. Ucheleweshaji huo hauna madhara unapoandika hatua moja moja, bali unasumbua unapopiga kwa vidole papo kwa papo. Ya tatu, ambayo ndiyo kubwa, ni spika ya Bluetooth. Safari ya sauti kwa Bluetooth huzidi kwa kawaida sehemu ya kumi ya sekunde, na mtu akijaribu kupiga pamoja na ngoma halisi kupitia spika hiyo atakuwa nyuma daima hata kama mkono wake hauna kosa. Tumia waya. Kama simu haina tundu la hedifoni, kiunganishi cha USB-C kinachotoa sauti kwa waya kinaondoa tatizo hilo. Siku ya shughuli, zima mawasiliano yote ya simu kabla ya kupanda jukwaani, kwa maana simu ikiita katikati ya biti hakuna wa kuokoa hali.

Pedi za kompyuta

Launchpad ya Novation, iliyotoka mwaka 2009 kwa ushirikiano na Ableton, watengenezaji wa programu ya muziki ya Ableton Live, ina pedi 64, nane kwa nane. Uzuri wake ni wepesi, mwanga wake na bei yake, hasa toleo la Mini. Hata hivyo pedi hizi hazina sauti ndani. Ni mikono mirefu ya programu iliyomo kwenye kompyuta. Katika Ableton Live kila safu wima ni ala moja na kila chumba kinashika kipande cha muziki kinachozunguka kwa urefu wowote uliokipa, kwa hiyo lile sharti la urefu tofauti kwa kila tabaka linatimizwa kikamilifu, na utapata matabaka mengi kuliko kifaa kidogo chochote.

Njia hii namshauri mtu mwenye kompyuta nzuri tayari, anayefanya kazi ndani ya nyumba, na anayekusudia kumaliza nyimbo na kuzitoa. Asiye na kompyuta asidanganywe na bei ya pedi peke yake, kwani gharama yake halisi ni pedi, kompyuta, programu, na umeme wa kuiendesha kompyuta hiyo. Kwenye uwanja wa mchanga karibu na bahari, usiku, pamoja na kikundi cha ngoma, kompyuta ni mzigo unaohitaji meza, kivuli na mtu wa kuilinda.

Vifaa vinavyojitegemea

Novation Circuit Tracks ya mwaka 2021 ina pedi 32, betri ya ndani inayodumu kwa takriban saa 4, na inachajiwa kwa waya wa USB-C. Maandishi ya kwenye boksi yanasema nyimbo sauti 8, yaani matabaka 8, na ni kweli, ila mnunuzi ajue zilivyogawanyika: mbili ni za sintesaiza (sauti zinazotengenezwa na kifaa chenyewe), nne ni za ngoma, na mbili zilizobaki ni za kuendesha ala za nje kwa MIDI (lugha ya amri inayounganisha ala za kielektroniki), hazitoi sauti yoyote usipounganisha kitu. Kwa hiyo unazo sita zinazosikika. Ukiweka ngoma nzito, chapuo, kayamba na tari, nafasi nne za ngoma zimekwisha, na kiki ya disko haina pa kukaa isipokuwa uitengeneze kwa sintesaiza.

Pamoja na hayo, kwa suala la midundo kifaa hiki kimefikiriwa vizuri. Kila patani, yaani mpangilio mmoja wa hatua unaozunguka, ina mwanzo na mwisho wake, hadi hatua 32, na ina mwendo wake, ukiwemo ule wa tatu kwa pigo. Namna zote mbili nilizozieleza hapo juu zinawezekana bila hila. Zaidi ya hapo, kila hatua imegawanywa vipande sita vidogo, na pigo linaweza kusogezwa mbele kwa kipande kimoja au viwili. Mpiga ngoma atauthamini ugawaji huo mara moja, kwa sababu mkono wa binadamu hauangukii katikati ya chumba: kayamba huvuta, chapuo hukimbilia, na biti iliyonyooka mno husikika kama mtu anayesoma ujumbe asiouelewa. Chelewesha kayamba kipande kimoja tu baada ya hatua, acha ngoma nzito mahali pake, na utasikia tofauti.

Yapo mambo mawili ya kuangalia. Circuit Tracks hairekodi sauti zako moja kwa moja. Unazipakia kutoka kwenye kompyuta. Ndugu yake, Circuit Rhythm, ina nyimbo sauti 8 zote za sampo (vipande vya sauti vilivyorekodiwa) na inarekodi kupitia tundu lake la kuingizia sauti, ingawa maikrofoni ya kawaida itahitaji kikuza sauti kabla ya kufika hapo. Kwa mpiga ngoma mimi naitanguliza Rhythm. Kwa mpiga kinanda, au mtu anayetaka sauti ndefu za sintesaiza zenye kupandana, Tracks. Jambo la pili linawahusu watu wa singeli. Kikomo cha mwendo cha Tracks ni mapigo 240 kwa dakika, na singeli hupita hapo mara nyingi. Wimbo wa 280 utaandikwa kwa 140, ambapo kila pigo linapata hatua mbili badala ya nne, mpaka ubadilishe mwendo wa patani ili urudishe ule ugawaji wa hatua nne.

Deluge ya Synthstrom Audible, kampuni ya Wellington nchini New Zealand, ni daraja jingine. Gridi yake ina pedi 128, 16 kwa upana na 8 kwa kimo, pamoja na safu mbili za pembeni za kuzimia na kuchagua. Ina betri, spika ndogo na maikrofoni ndani yake, hivyo unaweza kurekodi ngoma papo hapo na kuipanga papo hapo. Kila kipande kinaweza kuwa na urefu wowote, na hata safu mlalo moja ndani ya kipande inaweza kupewa urefu wake, jambo ambalo sijaliona likifanywa kwa urahisi namna hii mahali pengine. Mwaka 2023 kampuni iliufungua msimbo wa kifaa hiki kwa umma, na tangu hapo watumiaji wenyewe wanaendelea kukiongezea uwezo. Bei yake ni mara mbili ya Circuit au zaidi, na kinadai uvumilivu, kwa kuwa kazi nyingi zinafanywa kwa kushika kitufe kimoja huku ukizungusha kingine, na mwongozo lazima usomwe. Ni kifaa cha mtunzi. Kwa kijana anayeanza ningekiacha kwanza, hata kama fedha ipo.

Bagamoyo inadai nini

Mji huu una kitu ambacho studio nyingi hazina. Tangu Chuo cha Sanaa kilipoanzishwa mwaka 1981, ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, watu wengi hapa wanaweza kupiga seti nzima ya ngoma kwa mikono yao. Kwa hiyo gridi haiji kujaza pengo la mpigaji. Inakuja kukaa pembeni yake. Sharti hilo linabadilisha ulinganisho mzima. Kifaa lazima kifuate mwendo wa kikundi, kwa maana kikundi hupanda kasi kadiri mchezo unavyokolea, na mashine isiyoongezwa kasi kwa mkono itawarudisha nyuma wapigaji wazima. Kwenye Deluge mwendo unarekebishwa kwa kuzungusha kitufe kimoja bila kutazama, na kwenye Circuit unabonyeza kitufe cha mwendo kisha unazungusha kingine. Kwenye simu unahitaji kutafuta namba kwenye kioo, na hilo peke yake linatosha kuniondoa kwenye simu siku ya jukwaa.

Sauti ya ngoma yenyewe nayo haitulii. Ngozi iliyopashwa moto inapanda, na unyevu wa usiku ukiingia inashuka. Sampo uliyorekodi mchana, ngoma ikiwa imekaza, itapishana na ngoma hiyohiyo saa tatu usiku. Rekodi baada ya kupasha, siyo kabla, na chagua kifaa kinachokuwezesha kushusha au kupandisha toni ya sampo moja kwa haraka. Circuit Tracks ina kitufe cha kuzungusha cha kazi hiyo kwa kila ngoma, na ni miongoni mwa sababu zinazonifanya nikipende kuliko pedi za kompyuta kwa shughuli za nje.

Kuhusu umeme sina haja ya kueleza mengi: anayepiga nje ya ukumbi achague kifaa chenye betri. Upepo wa bahari unataka uangalifu zaidi. Chumvi na unyevu hula matundu ya waya kabla ya kula kitu kingine chochote, na mchanga ukiingia chini ya pedi za mpira, pedi hukwama au huhitaji kugandamizwa kwa nguvu. Funika kifaa kwa kitambaa kikavu kila unapoacha kupiga, kitunze kwenye mfuko uliofungwa pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na usikiache kwenye gari juani.

Nikiulizwa na kijana wa kikundi cha ngoma mwenye fedha ya kifaa kimoja tu, nitamwelekeza kwenye Circuit Rhythm, baada ya miezi kadhaa ya kujifunza kwa Koala kwenye simu yake. Mwenye kompyuta na chumba tulivu namshauri Launchpad Mini, na fedha inayobaki aiweke kwenye hedifoni nzuri. Deluge nampa aliyekwisha kuvichosha vifaa vyote hivyo na bado ana matabaka kichwani.

Kwa atakayenunua kilichotumika, jaribio ni fupi na lifanyike mbele ya muuzaji. Washa kifaa bila chaja na ukiache kwenye betri wakati mkizungumza. Gusa kila pedi, moja baada ya nyingine, ukitazama kama inawaka na ukisikiliza kama inajibu kwa mguso mwepesi. Ingiza waya wa hedifoni na uutikise taratibu, uone kama sauti inakatika. Kisha weka kiki kwenye hatua ya 1, ya 5, ya 9 na ya 13 katika tabaka moja, fungua tabaka la pili, lipe hatua 12 kwa mwendo wa tatu kwa pigo, na uweke kayamba katika zile namba sita nilizozitaja. Yakirudi mwanzoni pamoja, mzunguko baada ya mzunguko, zungumzia bei.